Kila Mtu na Kiti Chake

Jumatatu, 6 Novemba 1961

Habari nzito. Msimamizi wa Elimu ya Watu Wazima wa Jimbo la Ziwa anarudi kwao Uingereza kabla ya uhuru, na nafasi yake itakuwa wazi. Ofisi ya ghorofani! Meza yenye droo! Tarishi wa kubisha hodi kabla ya kuingia! Wanaofikiriwa ni wawili tu. Mimi, Ezekieli Ojuok, mwenye shahada kutoka Kampala. Na Bwana Makame wa chumba cha pili, mwenye gramafoni.

Mkaguzi atatoka Dar es Salaam Alhamisi ya wiki ijayo ili asikilize madarasa yetu ya jioni. Atakayemridhisha atapewa ofisi. Mwenzake atapelekwa Misungwi kuwafundisha watoto kuhesabu kwa vijiti. Sina ugomvi wowote na Misungwi. Taabu ni kwamba, fununu ilipoanza tu, nilimwandikia baba kule Shirati kumwarifu kuwa ofisi nimekwisha kuipata. Niliona ni kuwahisha habari, basi.

Darasa langu ni la daraja la kati: kusikiliza na kuzungumza Kiingereza. Wanafunzi ni watu wazima wenye shughuli zao. Mzee Jumbe, mshona kanzu. Bi Zakia, mwenye hoteli ya chai Mabatini, hapa Mwanza. Chenge, karani wa kinu cha pamba. Teodora, mkunga wa zahanati, mdogo wao kwa umri na mkubwa wao kwa maneno. Kusoma wanasoma. Kuandika wanaandika. Ukiwauliza jambo lolote kwa Kiingereza, wote wanne wanatazama dari kana kwamba jibu limening'inia huko pamoja na popo.

Wakati huohuo, nyuma ya ukuta, watu wa Makame wanaimba kwa Kiingereza na kupiga makofi. Ukuta ni mwembamba mno. Nimelalamika. Makame amejibu kwamba nami naruhusiwa kuimba.

Jumanne, 7 Novemba

Nimepata njia! Sikio halizoezwi na mwalimu mmoja. Huzoezwa na Waingereza wenyewe, mahali walipo. Nikawapeleka wanafunzi gatini, meli inapofunga. Niliwaagiza wasimame karibu na Wazungu bila kuonekana kuwa wanasikiliza. Jambo hilo halikuwa rahisi kwa Mzee Jumbe, ambaye huinama na kuweka mkono nyuma ya sikio.

Tulibahatika. Wazungu wawili wanene walikuwa wakibishana juu ya marobota ya pamba. Tulisikiliza kwa bidii. Bi Zakia akaninong'oneza kuwa Kiingereza cha leo ni kigumu. Chenge akauliza wanasema nini. Sikutaka kuonekana nimeshindwa. Nikawaeleza, kwa ufupi na kwa lugha nadhifu, kwamba mabwana hawa wanajadili hali ya hewa, na kwamba yule wa kulia ana dada mgonjwa.

Teodora alimpa pole.

Yule bwana akageuka, akashangaa, akamwamkia Chenge kwa Kisukuma safi, kisha akatuambia kwa Kiswahili kwamba yeye na nduguye ni Wagiriki, wananunua pamba, hapa walikuwa wakizungumza Kigiriki chao, na dada hana. Bi Zakia alicheka hadi akashika nguzo. Njia nzima ya kurudi walikuwa wakiulizana habari za mgonjwa.

Alhamisi, 9 Novemba

Sikulala vizuri. Misungwi imenijia ndotoni ikiwa na vijiti vingi sana.

Lakini leo nimefikia uamuzi wa kitaalamu. Kusikiliza ndiko kunakowaangusha. Wakisikiliza, wanafikiri, wakifikiri, wanaogopa, wakiogopa, dari. Basi nitaondoa kusikiliza. Kila mwanafunzi atakuwa na swali lake moja na jibu lake moja, lililotungwa nami kwa Kiingereza kisicho na doa. Mkaguzi nitampa maswali hayo kwa heshima, nimwombe aulize kwa mpangilio wa viti, kutoka kushoto, kama ilivyo desturi ya darasa letu. (Desturi hiyo imeanza leo.)

Nilitaka kuwapanga kwa uwezo: Teodora kwanza, Mzee Jumbe mwisho. Loo! Nilidhani nimetukana ukoo. Teodora akasema hawezi kukaa mbele ya mtu anayemwamkia shikamoo, hata akipewa cheti. Chenge akasema vilevile. Ikabidi tupange kwa umri. Mzee Jumbe kiti cha kwanza, hilo halikuwa na mjadala. Wa pili ikazuka vita. Chenge alimkaribisha Bi Zakia atangulie. Bi Zakia akamuuliza amemwona ana umri gani, na kama alikuwapo siku alipozaliwa. Chenge akajitetea kuwa ni adabu tu. Bi Zakia akamwambia adabu hiyo akaipeleke kwa mamaye. Baada ya hapo alikaa kiti cha pili, kwa kununa.

Nimeridhika. Mpangilio wa umri ni bora kuliko nilivyodhani, maana umri wa watu haubadiliki kati ya leo na Alhamisi.

Jumamosi, 11 Novemba

Baba amejibu! Anakuja kuiona ofisi. Anapanda meli ya Musoma na atashuka hapa Alhamisi. Alhamisi hiyohiyo! Anasema kanisani wamenishangilia, na mama ametuma salamu na kuku. Nilikimbilia posta kupeleka simu ya maandishi ya kumzuia, nikaandika kuwa Mwanza kuna mvua. Karani wa posta akachungulia jua dirishani, akaniuliza kama nina hakika.

Nikiwa bado natokwa jasho nikakutana na Makame akibeba gramafoni yake kama mtoto mchanga. Akanipa pole kwa habari ya dada wa Mgiriki. Mji huu hauna siri! Akasema yeye hana wasiwasi na Alhamisi, kwa kuwa mjomba wake na wazee wa msikiti watakuja kuketi nyuma ya darasa lake. Akaniuliza kwangu atakuja nani. Nikajibu, kwa utulivu wa kisomi, kwamba baba yangu mzazi anasafiri kutoka Shirati kwa ajili hiyo hasa.

Hivyo jambo baya limegeuka mpango. Baba ana koti refu na kofia ya mzee wa kanisa. Atakaa nyuma karibu na mlango, apendeze, asiseme neno.

Jumatatu, 13 Novemba

Mazoezi. Ajabu na kweli, wanajibu!

Kiti cha kwanza nauliza: leo asubuhi umekula nini? Mzee Jumbe anasimama, anafunga vifungo vya koti, anasema kwa Kiingereza kwamba amekunywa chai ya maziwa na kula maandazi mawili, na kwamba ameshiba, anashukuru. Kiti cha pili: una mbuzi mnene nyumbani, siku ya uhuru utamfanya nini? Bi Zakia anasema atamchinja alfajiri, atamkaanga kwa samli, na majirani wote watapata. Kiti cha tatu: mkubwa wako wa kazi ni Mwingereza na sasa anarudi kwao, utamuaga vipi? Chenge anasema atampa mkono, atamzawadia fimbo ya mpingo na kumtakia safari njema ya meli. Kiti cha nne: mtoto akizaliwa, jambo la kwanza utakalomfanyia ni lipi? Teodora anasema atamfuta uso, atamfunga kitovu na kumweka kifuani kwa mama yake.

Teodora alileta pingamizi. Akauliza, je, Mkaguzi akiuliza swali jingine? Nikamjibu kwamba hataweza, ni mtu wa utaratibu. Akauliza, je, tukisahau swali? Hapo nikawapa kanuni yangu, na nikawataka waikariri pia: usisikilize swali, sikiliza zamu. Zamu ikifika kwenye kiti chako, simama useme jibu lako, hata mbingu zikianguka. Mzee Jumbe akasema, sawa mwanangu mwalimu, amri ya mwalimu ni amri. Teodora akasema kwamba yeye alidhani darasa hili ni la kusikiliza.

Kijana wa siku hizi.

Alhamisi, 16 Novemba

Siku hii sitaisahau.

Meli iliwahi. Baba alishuka na koti, kofia, kuku hai wawili wamefungwa miguu, na fungu la samaki wakavu aina ya ningu la kumpa Mzungu aliyenipa ofisi. Nilimsihi asizungumze na Mzungu yeyote. Akauliza kwa nini. Nikasema ni itifaki. Neno hilo alilipenda, akalirudia njia nzima.

Jioni Mkaguzi akaanza kwa Makame. Mwingereza kijana, miwani mikubwa, Kiswahili kizuri. Wakaimba, wakapiga makofi, gramafoni ikakwaruza. Nilichungulia: Mkaguzi alipiga miayo ndani ya kofia yake. Moyo ukafurahi! Kisha akaja kwangu. Nikamkabidhi maswali, nikamweleza desturi ya viti. Akakubali. Kila kitu kilikuwa mahali pake.

Ndipo Mzee Jumbe alipogeuka na kumwona baba mlangoni, kwenye kigoda, na kuku.

Akasimama. Akamwamkia shikamoo, kwa kuwa baba amemzidi umri kwa mbali. Kisha akaniuliza mbele ya Mkaguzi, kwa masikitiko, imekuwaje mzazi wa mwalimu aketishwe na kuku wakati yeye, mdogo, anakalia kiti? Nikamwashiria akae. Akadhani namwashiria ampishe. Akamshika baba mkono, akamketisha kiti cha kwanza. Yeye akahamia cha pili. Bi Zakia, asiyeweza kumwacha mtu mzima amesimama, akahamia cha tatu. Chenge akaenda cha nne. Teodora akabaki mwisho kabisa, kwenye kigoda, na kuku wote wawili. Walifanya haya kwa muda mfupi na kwa adabu kubwa, nami nimesimama na chaki.

Mkaguzi akakielekea kiti cha kwanza, akamuuliza baba kwa Kiingereza leo asubuhi amekula nini.

Baba akanitazama. Nikatafsiri kwa sauti ndogo. Baba akasema, kwa Kiswahili, akimwelekea Mkaguzi: “Kijana, bado hatujaamkiana, tayari unaniuliza nimekula nini?” Mkaguzi akawa mwekundu, akavua miwani, akasema shikamoo. Baba akasema marahaba, akamuuliza hali ya wazazi wake, akamuuliza kama ameoa, akampa pole kwa kutooa. Halafu akamshukuru kwa niaba ya ukoo mzima na kanisa kwa kumpa mwanawe ofisi ya ghorofani.

Mkaguzi akanitazama. Nikatazama ubao. Ulikuwa msafi sana.

Akahamia kiti cha pili. Alimuuliza Mzee Jumbe atamfanya nini mbuzi wake siku ya uhuru. Mzee Jumbe, mtu wa amri, akasimama, akafunga vifungo, akasema: chai ya maziwa na maandazi mawili, ameshiba, anashukuru.

Kiti cha tatu. Mkubwa wako wa kazi ni Mwingereza na sasa anarudi kwao, utamuaga vipi? Bi Zakia alisimama kwa fahari. Akasema, kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko siku zote: atamchinja alfajiri, atamkaanga kwa samli, na majirani wote watapata.

Mkaguzi aliketi. Hapakuwa na kiti. Aliketi juu ya meza.

Kwa sauti nyembamba akamuuliza Chenge: mtoto akizaliwa, jambo la kwanza utakalomfanyia ni lipi? Chenge, jasho likimtiririka, akasema atampa mkono, atamzawadia fimbo ya mpingo na kumtakia safari njema ya meli.

Hapo Teodora akashindwa kuvumilia. Akasimama na kuku mkononi, akasema kwa Kiingereza: samahani, bwana, mtoto huyo ni wangu! Chenge akamgeukia, kwa Kiingereza pia: basi mchukue mtoto wako, unirudishie Mzungu wangu, huyu mama anataka kumkaanga! Bi Zakia akaruka: nani amesema Mzungu? Nimesema mbuzi! Bwana Mkaguzi, kwa nini unauliza habari za Mzungu mahali pa mbuzi? Mzee Jumbe akasema taratibu kuwa yeye amekula maandazi na wala hana mbuzi, lakini akipata atamgawia baba wa mwalimu kwanza. Teodora akamwambia Chenge kwamba mtoto mchanga hawezi kushika fimbo. Chenge akamwambia kwamba wa Kisukuma anaweza. Wote kwa Kiingereza! Kibovu, chenye mashimo, kila mmoja akimsikiliza mwenzake ili apate pa kumchoma. Baba alikuwa akipiga goti lake kwa furaha ingawa hakuelewa neno.

Mkaguzi alicheka hadi machozi yakaingia kwenye miwani. Nyuma ya ukuta Makame alizima gramafoni.

Nilitoka nje na kutapika kidogo. Kwa heri, ofisi.

Ijumaa, 17 Novemba

Baba alitaka kuiona ofisi kabla ya meli kuondoka. Nilimwonyesha jengo kutoka nje, nikamwambia ndani wanapaka rangi. Akavua kofia, akaliombea jengo zima kwa sauti kubwa. Tarishi alitoka mlangoni kuitikia amina. Akaniuliza mimi ni nani.

Mchana Mkaguzi akaniita. Nilikwenda na koti la kuazima. Nilikwisha kutunga maneno ya kuikubali Misungwi kwa heshima.

Badala yake akanipa kiti! Akasema kwanza kwamba baba yangu ameharakisha kidogo, na hapo nilitaka kuingia chini ya zulia. Kisha akasema amezunguka Tanganyika nzima na kusikiliza watu wazima wakiimba na kukariri, na jana kwa mara ya kwanza alisikia watu wazima wakisikilizana na kujibizana kwa Kiingereza bila kuogopa makosa. Tena mwalimu mwenyewe amekaa kimya muda wote, jambo adimu. Akaniuliza: kuwahamisha watu viti na maswali ili wachanganyikane na kulazimika kusikiliza, mbinu hiyo niliisoma wapi?

Ningeweza kusema kweli. Nilifungua mdomo kwa nia hiyo. Nikajisikia nikisema kuwa ni ya kwangu mwenyewe. Akauliza inaitwaje. Nikasema, Mbinu ya Viti.

Ameiandika! Atarudi Januari pamoja na walimu wa jimbo zima, waione kwa macho yao. Ikienda kama jana, ofisi ni yangu. Isipokwenda, ataelewa kuwa jana ilikuwa bahati tu. Mpaka hapo mlango wa ofisi utabaki umefungwa.

Makame alinisubiri barabarani. Akaomba nimfundishe. Nikamwambia ni jambo la kisomi mno.

Jumatatu, 20 Novemba

Wasiwasi umenirudia, lakini safari hii nina mpango madhubuti. Kosa la Alhamisi lilikuwa moja: lilitokea bila maandalizi. Hatuwezi kuwaonyesha walimu wa jimbo zima jambo lisilo na maandalizi.

Kwa hiyo nimekaa Jumamosi na Jumapili nikakumbuka ugomvi wote neno kwa neno, nikausafisha Kiingereza chake, na leo nimemgawia kila mtu sehemu yake akariri. Mzee Jumbe atachanganyikiwa kwanza. Bi Zakia atakasirika baada ya Chenge kufuta jasho, wala si kabla. Teodora atasimama ghafla, na kuku mkononi, atakaposikia nimekohoa. Baba nimemwandikia aje tena kukasirika kwa kutoamkiwa.

Hali si nzuri bado. Wakigombana kwa kukariri wanatazama dari. Bi Zakia anasema hawezi kumkasirikia Chenge kwa zamu, yeye humkasirikia anapojisikia. Chenge ameanza kuomba radhi kabla ya kosa. Mzee Jumbe peke yake ndiye anayenipa moyo: amekwisha kushika sehemu yake, pamoja na kikohozi changu.

Teodora, bila shaka, alinyoosha mkono. Akauliza, je, wale walimu wageni wakicheka mahali pasipo pake, sisi tutajuaje nani anafuata? Ni swali la haki. Nimemjibu asiwe na hofu, hilo nimelifikiria mapema: wageni nao wataketishwa kwa mpangilio mlangoni, na kila mmoja atapewa zamu yake ya kucheka.